Masoni Aliyebomoa Mtaa Wake

Mume wangu Ngeleka alikuwa masoni, fundi wa kujenga nyumba. Mtaani kwetu Kolwezi, nyumba ambayo hakuijenga yeye, basi aliijenga mtu aliyefundishwa naye. Alipenda matofali ya kuchoma, yale ya udongo wa kichuguu, maana alisema ya sementi hutoa jasho wakati wa mvua na watoto hukohoa. Jioni alirudi na baiskeli yake, vumbi limemjaa kwenye nyusi mpaka anafanana na mzee. Alinawa uso kwanza, kisha anauliza kila mtoto amekula nini. Hakuuliza kama amekula, aliuliza amekula nini, na mtoto akijibu "bukari na sombe", ugali na kisamvu tu, yeye anatikisa kichwa kana kwamba ameletewa habari kubwa.

Nilimpenda kwa mambo madogo kama hayo. Nilipokuwa na mimba ya Blandine, miguu imenivimba, ndiye aliyesonga bukari na kufua. Wanaume wenzake walimcheka barabarani. Naye alianika nguo zangu kwenye kamba, akawasalimu kwa jina mmoja mmoja, akaendelea kuanika. Jumapili baada ya misa alipiga pasi ya makala, yale makaa ya miti, sare za shule, hata Blandine alipokuwa mkubwa wa kupiga mwenyewe. Sementi iliyobaki kazini aliileta nyumbani ndani ya karatasi, akaenda kuziba ngazi ya mlango wa mjane fulani au ufa wa mtu asiye na nguvu. Hakusema anafanya wema. Alisema sementi ikilala inaharibika.

Watu wake walikuwa wa Kasai. Babu yake aliletwa kuchimba shaba enzi za Wabelgiji, baba yake akazaliwa hapa, na yeye akazaliwa hapa. Alipokuwa kijana, siasa iligeuka. Wakaambiwa warudi kwao, pahali ambapo wengi wao hawakuwahi kupaona. Walilala nje kwenye gare, stesheni, wakingojea treni, wiki juu ya wiki, na kuhara kukaingia kati yao. Mama yake alifia pale. Walimzika haraka, treni ikaja, wakapanda. Baba yake aliacha nyumba nzima, na vitanda ndani.

Miaka ilipopita Ngeleka alirudi peke yake, maana Kolwezi ndipo alipopajua. Akaenda kwenye nyumba ya baba yake, akakuta watu wengine wanaishi humo. Alibisha hodi, akaomba maji ya kunywa. Wakampa. Akanywa, akashukuru, akaenda zake. Habari hiyo alinisimulia mara moja tu, tulipokuwa wachumba, na nilipomuuliza kwa nini hakudai nyumba yao, alisema, "Kulikuwa mama mumoja na batoto badogo. Ningebaweka wapi?"

Mtu aliyempokea wakati ule ni Kalumba. Kalumba ni mtu wa upande wa Dilolo, mrefu, mcheshi, fundi wa kusema uongo mdogo wa kuchekesha. Kumpokea Mkasai siku zile kulikuwa kujitafutia matata. Yeye alimlaza jikoni kwake, nyuma ya magunia ya makala, mpaka joto la siasa lilipopoa. Ngeleka alipopata kiwanja, alikinunua karibu na Kalumba, ua kwa ua. Tulipombatiza Blandine, Kalumba ndiye aliyesimama kama baba yake wa ubatizo. Mke wake, Ngalula, alikuwa akiingia kwangu bila kubisha hodi, na mimi kwake vilevile.

Kaka yangu Mbayo hakutaka niolewe na Ngeleka. Sisi ni Baluba wa Katanga kaskazini, Waprotestanti, na Mbayo alikuwa na maneno makali juu ya Wakasai. Ngeleka hakubishana naye. Alikuja kila Jumapili, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa, hata kama hakuna aliyemsemesha. Mama yetu alipougua, gari hakuna, yeye ndiye aliyembeba kwa baiskeli mpaka hospitali, akisukuma kwa miguu njia nzima ili mama asitikiswe. Baada ya hapo Mbayo alinyamaza. Hakusema ndiyo, ila alinyamaza, na kwetu hiyo ilitosha.

Sasa, mtaa wetu uliharibiwa na jiwe. Mtu mmoja alichimba choo akakuta jiwe jeusi, lile la kobalti. Kabla ya mwezi kuisha watu walikuwa wanachimba vyumbani mwao. Walifunga milango, wakaweka turubai madirishani, wakatoa udongo kwenye magunia. Usiku na mchana ulisikia tu, tup, tup, tup, chini ya miguu, kama moyo wa mtu mgonjwa. Nyumba zilianza kupasuka kuta. Vijana walifia humo chini, na wengine hawakutolewa kamwe.

Kwetu walikuja wanunuzi wakamwambia Ngeleka achimbe, kiwanja chetu kiko juu ya jiwe zuri. Aliwatoa mpaka barabarani kwa heshima, akaniambia, "Yolande, mi ninajua kujenga juu. Kuchimba chini ya kitanda ya batoto, ile kazi mi sijui."

Kisha ikaja habari kwamba mtaa wote utahamishwa. Ardhi imepewa kampuni, ukuta utajengwa, nasi tutapewa viwanja kwenye barabara ya Mutshatsha, mbali, palipokuwa pori la makala. Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa parokia. Msimamizi aliyetumwa na kampuni, kijana mwenye kofia nyeupe, alisema mashine zitaanza kubomoa kabla ya mvua. Akasema pia jambo jingine: mtu ambaye nyumba yake itakutwa na shimo la kuchimba hatapata kiwanja wala chochote, maana ameiba mali ya kampuni.

Ngeleka akainuka. Sikujua kwamba atasema. Alikuwa si mtu wa kusema mbele ya watu.

"Tata," akamwambia yule kijana kwa heshima, "mashine ikipita, inasaga kila kitu. Matofari, milango, mabati, vyote. Kule porini hatuna hata tofari moja. Mutuachie tubomoe na mikono. Mi niko masoni. Nitatafuta bantu, tutabomoa nyumba moja moja, na kila mutu ataenda na matofari yake."

Watu walianza kupiga kelele. Walidhani yeye ndiye anayewauza. Mama mmoja alimtemea mate kwenye shati. Mwingine akapaza sauti, "Ni yeye alijenga, ni yeye atabomoa! Kampuni imemulisha nini?" Ngeleka alingoja kelele zipungue, mate yanamteremka shatini, hakuyafuta.

"Baba yangu aliacha nyumba nzima," akasema. "Mi nitaenda na matofari yangu. Asiyetaka, angojee mashine."

Kampuni ilikubali. Nadhani iliwafaa pia, maana hawakutaka picha za mashine na watoto wanaolia. Tulipewa muda mpaka mvua ya kwanza.

Alianza na nyumba yetu. Nilimwomba aanze na nyingine, akakataa. Alisema hawezi kugusa ukuta wa mtu kabla ya kugusa wa kwake. Asubuhi ile tulitoa vitanda, akapanda juu, akaanza na mabati. Kila msumari aliunyoosha akautia kwenye kopo. Alipofika kwenye matofali ya chumba chetu, nilimwona anasimama, mkono umeshika ukuta, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa kifuani. Kisha akapiga nyundo. Hakupumzika mpaka chumba kile kilipolala chini. Jioni tulikaa chini ya turubai katika ua wetu wenyewe, milundo ya matofali imetuzunguka. Shekina, mtoto wetu mdogo, aliuliza, "Tata, sasa tuko wapi?" Baba yake akamwambia, "Tuko njiani."

Siku zikaenda. Alibomoa nyumba baada ya nyumba, yeye na wanaume wachache waliokubali kumsaidia. Kwanza watu walimwita msaliti. Vijana walimtupia mawe akiwa kwenye baiskeli, na jiwe moja lilimpasua sikio. Lakini walipoona milundo ya matofali yao wenyewe, safi, yamekwanguliwa chokaa, milango imefungwa kamba isivunjike, maneno yakapungua. Wengine walianza kuja kumwomba awawekee nafasi mbele. Yule mama aliyemtemea mate alimletea chai. Aliinywa.

Usiku alikuwa hawezi kuinua mikono. Nilimkanda mabega kwa mafuta ya mawese, naye akanitajia nyumba za siku ile: hii alijenga mwaka wa kuzaliwa Blandine, ile mwenyewe alikufa kabla haijaisha, ile nyingine alikosea pembe na hakuna aliyewahi kugundua. Mara moja tu nilimsikia analia. Nilijifanya nimelala.

Kila mara kabla ya kubomoa alipita na baramini, ile nondo ndefu nzito, akigonga sakafu ya kila chumba. Akisikia mwangwi, anajua chini kuna shimo, na kuta za pale zinabomolewa kutoka nje kwa kamba, mtu asiingie. Lakini shimo likijulikana, wasaidizi wanajua, na wasaidizi wakijua, kampuni inajua. Familia kadhaa zilipoteza viwanja namna hiyo. Hakuna aliyemlaumu yeye. Mashimo yale yalijulikana mtaa mzima.

Ikafika zamu ya Kalumba.

Kalumba alikuwa ameachishwa kazi ya ulinzi kwenye depo, yaani ghala, zamani kidogo. Tulimwona amekonda, ucheshi umepungua. Ngalula alinieleza kwamba anauza vitu vidogo vidogo mjini, nami nilimwamini. Siku ile asubuhi Ngeleka aliingia nyumbani kwao na baramini kama kawaida. Alikaa ndani muda mrefu kuliko kawaida. Alipotoka aliwaambia wasaidizi kwamba nyumba ni nzima, waanze na jiko na sebule.

Walifanya kazi mpaka saa za mchana. Kilichobaki ni chumba cha kulala. Ngeleka akawaambia, "Muende mukule. Hii ya mwisho nitaibomoa mi moja, peke yangu." Nilikuwa ng'ambo ya ua, ninapika. Nilimwona anaingia na nyundo. Nilikumbuka kumwita aje ale kwanza, nikasema moyoni, ngoja amalize.

Sauti haikuwa kubwa. Watu hudhani ardhi ikipasuka inanguruma. Ilikuwa kama gunia la unga linalotupwa chini, basi. Kisha vumbi. Nilipotazama, ukuta wa nyuma wa chumba kile haukuwapo, wala haukuwa umelala chini. Ulikuwa umeingia.

Nilikimbia. Sakafu ilikuwa imefunguka, na ndani kulikuwa kisima cheusi, cha mviringo, kilichochimbwa vizuri, na matofali yamekijaza. Niliita jina lake. Niliita kwa Kiluba, kwa Kiswahili, nikaita mpaka Blandine alipokuja kunishika nisijitupe. Ngalula alikuwa amekaa mchangani, mikono juu ya kichwa, anasema neno moja tu: "Kalumba. Kalumba. Kalumba."

Watu wa kampuni walikuja, wakazungushia utepe mwekundu, wakasema tungojee mashine ya kuokoa. Wachimbaji vijana wa mtaa hawakungoja. Walikata utepe, wakafunga kamba kiunoni, wakashuka mmoja mmoja, wakipandisha tofali kwa tofali kwenye ndoo. Nami nilikaa pale. Kila ndoo iliyopanda niliitazama. Yalikuwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, aliyoyapanga mwenyewe akiwa bado kijana, ili amjengee rafiki yake. Giza likaingia, wakawasha taa za kichwani, wakaendelea. Walimpandisha kesho yake, jua limeshakuwa kali, amefungwa kwenye turubai. Walitaka nisimwone. Nilifunua. Vumbi lilikuwa kwenye nyusi zake, kama kila jioni aliporudi kazini, na kwa dakika moja akili yangu ilikataa. Nilitafuta maji nimnawishe uso.

Kilio tulikifanya nje, mahali ilipokuwa nyumba yetu, maana nyumba hatukuwa nayo. Watu walikaa juu ya milundo ya matofali. Mtaa mzima ulikuja, hata wale waliomtupia mawe. Mbayo, kaka yangu, alifika kutoka Kamina, akakaa upande wa ndugu wa marehemu, na ndugu wa marehemu hawakuwapo wengi. Wakasai walipouliza nani atasema kwa niaba ya familia, Mbayo alisimama. Alisema maneno machache. Alisema, "Huyu alikuwa mudogo wangu." Akakaa.

Tulikuwa tumerudi kutoka makaburini, watu wananawa mikono, Kalumba alipojitokeza. Alikuwa amejificha tangu ajali. Wanaume waliinuka. Mmoja alishika fimbo, mwingine tofali. Mbayo alimshika Kalumba shati shingoni, nikadhani atamuua mbele yetu.

"Mumuache aseme," nikasema.

Alipiga magoti mbele ya mkeka wangu. Hakuinua macho.

"Mama Blandine, mi nilichimba," akasema. "Njaa ilinishinda. Nilichimba, sikupata kitu, nikafunika na mbao, nikamwaga sementi juu."

"Bwana yangu alikuuliza?"

"Aliniuliza. Nikaapa kwa jina ya mutoto wako, mutoto yangu wa ubatizo, kama hakuna shimo." Akavuta pumzi. "Yee akagonga na baramini. Akasikia. Akainama, akaguza ile sementi. Akaniangalia tu."

Blandine alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake.

"Akasema nini?" nikauliza.

"Akasema, 'Ndugu yangu, nyamaza. Usiambie mutu. Hii chumba nitaibomoa mi moja, nitaanza na pembeni, nitaenda polepole. We utapata parseli yako, kiwanja yako.' Mi nikamwambia, 'Ngeleka, acha, tuseme tu.' Akakatala. Akasema, 'Ulinilaza mu jiko yako wakati nilikuwa sina pa kulala.' Ndio vile alisema, Mama Blandine. Mungu ananisikia."

Mbayo alimwachia shati. Mimi sikulia. Kilichonijaa wakati ule kilikuwa hasira, nayo haikuwa juu ya Kalumba. Ilikuwa juu ya Ngeleka. Alijua! Aliingia mle ndani anajua. Alitupima sisi, mimi na Blandine na Shekina, akampima Kalumba vilevile, na hakuniambia hata neno. Ningekuwa karibu na kaburi wakati huo, ningelipiga kwa ngumi. Niliingia chini ya turubai nikalala kifudifudi mpaka watu walipoondoka.

Na alichokufia hakikupatikana. Shimo lilikuwa wazi sasa, kila mtu ameliona, mtu ametolewa humo maiti. Jina la Kalumba likafutwa kwenye orodha ya viwanja. Mashine zilikuja kumaliza nyumba chache zilizobaki, zikasaga, na mvua ya kwanza ikanyesha juu ya vifusi. Sisi tulihamia barabara ya Mutshatsha kwa lori, na matofali yetu. Kalumba alikwenda porini kuchoma makala, Ngalula na watoto wakabaki wakilala kwenye baraza ya kanisa.

Ngalula alikuja kwangu akiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Hakuomba. Alisimama kwenye mpaka wa kiwanja, mvua inamnyeshea. Blandine alitoka chini ya turubai letu.

"Mama, hapana," akasema. "Baende kwengine. Dunia ni kubwa."

"Bako na batoto, Blandine."

"Na sisi? Sisi tulikuwa nani? Alikula kiapo na jina yangu, Mama. Jina yangu!"

Mwanangu alikuwa na haki. Nilimtazama Ngalula, nikamkumbuka akinishika mgongo usiku wa kumzaa huyuhuyu Blandine. Nikamwambia, "Ingia, utapata baridi." Blandine alikusanya nguo zake kesho yake, akaenda kukaa na rafiki yake Brigitte mjini, akapata kazi ya kuuza kwenye duka la dawa. Miezi mingi hakuja.

Niliwapa Ngalula na watoto pembe ya kiwanja. Niliuza makala kando ya barabara, yeye akawa anayafuata Mutshatsha kwa treni. Nilikuwa ninazungumza naye mambo ya biashara na ya watoto. Jina la Ngeleka hatukulitaja.

Kiangazi kilipofika Kalumba alirudi, macho mekundu kwa moshi. Hakuja mbele yangu. Alilala nyuma, na asubuhi nilisikia tofali linagonga tofali. Alikuwa ameanza kunijengea nyumba. Mtu yule alikuwa hajui uashi hata kidogo. Wakati wa Ngeleka alikuwa akibeba maji tu na kusimulia hadithi. Nilimwacha. Chakula chake nilimpelekea kwa mkono wa Shekina. Siku zilipita hivyo, yeye anajenga, mimi nauza makala, neno hakuna, na ukuta unapanda umeinama kama mlevi.

Ulipofika kiunoni sikuweza kuvumilia tena. Nilitoka barabarani, mikono myeusi, nikasimama nyuma yake.

"Imepinda," nikasema.

Alishtuka, tofali likamponyoka. Hakugeuka.

"Ninajua, Mama Blandine."

"Sasa unaendelea ya nini?"

"Ninaogopa kubomoa."

Nilikaa kwenye gunia. Ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kwa sauti, barabarani watu wanapita. Kalumba alisimama pale, mikono imening'inia, naye analia. Hatukufarijiana. Baadaye nilifuta uso nikamwambia aite masoni wa kweli, mmoja wa wale waliofundishwa na Ngeleka, waubomoe mpaka msingi waanze upya. Walifanya hivyo. Nyumba ikasimama, vyumba viwili, haijapigwa lipu mpaka leo.

Siwezi kusema nimemsamehe. Padri aliniuliza, nikamwambia sijui. Siku nyingine ninaamka nimemkasirikia yeye, siku nyingine nimemkasirikia mume wangu, na siku nyingine ninamtamani mume wangu vibaya mpaka mifupa inaniuma. Kuna wanaume wengi wanaopenda familia zao, na Ngeleka alitupenda sisi kuliko wengi. Lakini alikuwa hajui kumpenda mtu mmoja kwa kumnyima mwingine. Ndivyo alivyokuwa. Kitu hicho kilinifanya nimtake, nacho ndicho kilichomuua.

Mwaka huu, tarehe mosi Agosti, siku ya wazazi, asubuhi watu walipokwenda kusafisha makaburi, Blandine alikuja. Alikuwa amevaa kitenge kipya, amenenepa kidogo. Tulikwenda yeye, mimi na Shekina. Makaburi yako upande wa zamani, karibu na ukuta wa kampuni, na vumbi la malori linafika mpaka pale. Tulimkuta Kalumba ametangulia. Alikuwa ameinama, anang'oa majani makavu kwa mikono.

Blandine alisimama. Nilidhani atageuka. Alimtazama mtu yule kwa muda, mgongo wake uliopinda, kucha zilizojaa udongo. Blandine alikuwa na jembe dogo mkononi. Akalinyoosha mbele, macho yametazama kando.

"Tata Kalumba," akasema. "Kamata hii. Mikono itapasuka."

Kalumba alilipokea kwa mikono miwili. Tulipalilia mpaka jua likawa kali, tukamwaga maji juu ya kaburi, Shekina akasoma sala, tukarudi nyumbani kupika.